Namna ya kuifungua namba kubwa kwa kalamu na daftari: mfano wa 1,194,028, idadi ya watu wa Lindi

Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 1,194,028 katika Mkoa wa Lindi. Miaka kumi kabla yake, sensa ya 2012 ilikuwa imehesabu 864,652. Namba za aina hii tunazisikia redioni, tunasema "tumeongezeka", kisha tunaziacha zipite. Mimi hii ya 2022 niliiandika nyuma ya daftari la mpwa wangu, binti wa darasa la saba, alipoleta malalamiko yake barazani: "Mjomba, KDS na KKS naziweza namba zikiwa ndogo. Zikivuka elfu kumi sijui pa kuanzia." (KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika, namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote ulizopewa; KKS ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote bila baki.)

Tulianzia hapo, na tuliyoyakuta ndani ya namba hiyo ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Njia ni ileile kwa namba yoyote nzima: kwanza unaitafutia vigawo tasa, yaani namba tasa (zaidi ya 1, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) ambazo ukizizidisha zinaizaa. Ukishavipata, karibu kila swali jingine unalijibu kwa kuvitazama tu. Unahitaji kalamu, daftari la hesabu na jedwali la kuzidisha kichwani. Kikokotoo cha simu kiwekwe pembeni mpaka mwisho, maana kikikupa jibu mapema unapata jibu peke yake na mengine yote yanakupita.

Hatua ya 1: Isome kwa sauti, kisha izitenge nafasi zake

Milioni moja, mia moja tisini na nne elfu, na ishirini na nane. Ina tarakimu saba. Nafasi ya mamia ina sifuri, na hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza wanapoinakili: sifuri ikisahaulika, namba inakuwa 119,428 na watu zaidi ya milioni moja wamepotea. Weka mkato kila baada ya tarakimu tatu kutoka kulia. Makundi hayo matatu (1, 194 na 028) tutayahitaji sasa hivi.

Hatua ya 2: Ijaribu kwa kanuni za kugawanyika

Anza na rahisi. Inaishia na 8, kwa hiyo ni shufwa, inagawanyika kwa 2. Tarakimu mbili za mwisho ni 28, na 28 inagawanyika kwa 4, kwa hiyo namba yote inagawanyika kwa 4. Kwa 8 tunaangalia tatu za mwisho: 028 ni 28 tu, na 28 ukiigawanya kwa 8 inabaki 4. Haikubali. Kwa 5 nayo haikubali, kwa sababu haiishii na 0 wala 5.

Kwa 3 na 9 tunajumlisha tarakimu: 1 + 1 + 9 + 4 + 0 + 2 + 8 = 25, na 2 + 5 = 7. Saba haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9, basi na namba yetu haigawanyiki. Zaidi ya hapo, 7 hiyo ndiyo baki utakayoipata ukiigawanya 1,194,028 kwa 9. Ishike, itarudi.

Binti aliuliza kwa nini kujumlisha tarakimu kunafanya kazi, na swali hilo lilistahili jibu la macho. Nilichukua korosho ghafi 28 kutoka kwenye kapu, nikazimwaga mkekani: mafungu mawili ya kumi kumi, na nane za pekee. Nikamwambia, kila fungu la kumi toa tisa uziweke kando. Akatoa. Kila fungu likabaki na korosho moja. Sasa mbele yake zilikuwa moja, moja na nane: kumi. Akatoa tisa tena, ikabaki moja. Alikaa kimya kidogo akiitazama ile korosho moja, kisha akasema, "Kumbe 2 na 8 ndizo zilizobaki." Ndivyo ilivyo. Kumi ni tisa na moja, mia ni tisini na tisa na moja, elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Kila tarakimu huacha baki sawa na yenyewe, popote ilipokaa.

Kwa 7, 11 na 13 kuna kanuni moja inayozikamata zote tatu, na nashangaa kwamba haifundishwi sana. Inatokana na ukweli kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001. Chukua makundi yako ya tarakimu tatu, anzia kulia, jumlisha na kutoa kwa zamu: 28 − 194 + 1 = −165. Alama ya hasi usiijali. Uliza: 165 inagawanyika kwa nini? Kwa 7 inabaki 4. Kwa 13 inabaki 9. Kwa 11 inatoka 15 kamili. Kwa hiyo namba yetu haina 7 wala 13, ila ina 11.

Kwa 11 peke yake unaweza pia kwenda tarakimu moja moja kutoka kulia: 8 − 2 + 0 − 4 + 9 − 1 + 1 = 11. Jibu likiwa 0, 11, 22 au kigawe kingine cha 11, namba inagawanyika.

Hatua ya 3: Gawanya, na usikiache kigawo mpaka kiishe

Hapa kosa la kawaida ni kugawanya kwa 2 mara moja na kuruka kwenda kwa kinachofuata. Kila kigawo tasa kibane mpaka kikatae.

1,194,028 ÷ 2 = 597,014
597,014 ÷ 2 = 298,507

Sasa ni witiri, 2 imekwisha. Tunajaribu 11 kwenye 298,507: 7 − 0 + 5 − 8 + 9 − 2 = 11. Inakubali.

298,507 ÷ 11 = 27,137

Ijaribu tena 11: 7 − 3 + 1 − 7 + 2 = 0. Inakubali mara ya pili.

27,137 ÷ 11 = 2,467

Na tena: 7 − 6 + 4 − 2 = 3. Imekataa. Tumebaki na 2,467.

Hatua ya 4: Hakikisha kilichobaki ni tasa au si tasa

Hii ndiyo hatua inayochosha, na ndiyo inayomtofautisha mtu anayekisia na mtu anayejua. 2,467 inaonekana kama namba tasa, lakini kuonekana hakutoshi. Namba 2,449 nayo inafanana na tasa, kumbe ni 31 × 79.

Kwanza tujue tutaishia wapi. 49 × 49 = 2,401, na 50 × 50 = 2,500. Kwa hiyo kipeuo cha pili cha 2,467 kiko kati ya 49 na 50. Kama 2,467 ingekuwa zao la namba mbili, zote mbili haziwezi kuwa 50 au zaidi, maana zao lingefika 2,500. Lazima moja iwe 49 au chini yake. Basi inatosha kujaribu namba tasa mpaka 47, na ziko 15 tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47.

2 na 5 zinaondoka kwa kutazama tarakimu ya mwisho. 3 inaondoka kwa jumla ya tarakimu, 19. Ile 11 imeshakataa. Kwa zilizobaki, usigawanye kwa urefu; toa kigawe kikubwa unachokijua, kisha endelea na kilichobaki. Kwa 37, kwa mfano: 37 × 50 = 1,850, na 2,467 − 1,850 = 617. Halafu 37 × 16 = 592, na 617 − 592 = 25. Baki ni 25, haigawanyiki. Hizi ndizo baki zote tulizopata:

7 inabaki 3. 13 inabaki 10. 17 inabaki 2. 19 inabaki 16. 23 inabaki 6. 29 inabaki 2. 31 inabaki 18. 37 inabaki 25. 41 inabaki 7. 43 inabaki 16. 47 inabaki 23.

Hakuna sifuri hata moja. 2,467 ni namba tasa, na hilo sasa tunalijua bila shaka. Kwa hiyo:

1,194,028 = 2² × 11² × 2,467

Hatua ya 5: Soma kilichoandikwa

Vipeo viwili vya pili vimekaa pamoja, na 2 × 11 = 22, kwa hiyo namba yetu ni 22² × 2,467. Maana yake, ungeweza kuwapanga watu wote waliohesabiwa Lindi, kutoka Kilwa mpaka Liwale, katika miraba 2,467, kila mraba ukiwa na mistari 22 yenye watu 22, na asibaki mtu hata mmoja nje.

Na kwa mkoa unaopenda mpira kama wetu, kuna jambo tamu zaidi. Namba inagawanyika kwa 11: zinatoka timu 108,548. Namba hiyo ya timu ni shufwa, kwa hiyo kila timu ina mpinzani: mechi 54,274 kwa wakati mmoja, bibi na mjukuu wote uwanjani, na hakuna wa kukaa benchi. Binti alizidisha 54,274 kwa 22 mara mbili kabla ya kuniamini.

Lakini tuwe waangalifu. Sifa hizi ni za namba. Watu wenyewe hazisemi lolote juu yao. Angehesabiwa mtoto mmoja zaidi katika sensa ile, namba ingekuwa 1,194,029: witiri, haigawanyiki kwa 11, mechi zote zimevunjika, na badala yake anatokea 17 (17 × 70,237). Namba mbili zilizokaa jirani hazirithishani vigawo hata kimoja zaidi ya 1, kwa sababu kigawo cha zote mbili kingelazimika kugawanya tofauti yao, ambayo ni 1.

Hatua ya 6: Hesabu vigawo vyote bila kuviorodhesha

Kila kigawo cha namba hii kinatengenezwa kwa kuchagua: 2 ngapi (hakuna, moja au mbili), 11 ngapi (hakuna, moja au mbili), na 2,467 (ipo au haipo). Chaguo 3 × 3 × 2 = 18. Kanuni kwa ujumla: chukua kila kipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 2 katika 11²; isipoandikwa ni 1), ongeza 1, zidisha.

Sasa viorodheshe uone kama vinatimia. Visivyo na 2,467: 1, 2, 4, 11, 22, 44, 121, 242, 484. Vyenye 2,467: 2,467, 4,934, 9,868, 27,137, 54,274, 108,548, 298,507, 597,014, 1,194,028. Kumi na nane.

Tazama pengo kati ya 484 na 2,467. Hakuna kitu hapo. Ukitaka kuwagawa watu hawa katika makundi sawa ya mia tano, au ya elfu moja, au ya elfu mbili, utabaki na watu mkononi kila mara.

Hatua ya 7: Je, ni mraba? Je, ni timilifu?

Kuhusu mraba, yaani zao la namba nzima na yenyewe, jibu linapatikana kwa njia tatu. Tarakimu ya mwisho ni 8, na hakuna mraba wa namba nzima unaoishia na 2, 3, 7 wala 8. Pili, 2,467 imetokea mara moja tu, na kwenye mraba kila kigawo tasa hutokea mara shufwa. Tatu, 1,092² = 1,192,464 na 1,093² = 1,194,649, na yetu imekaa katikati. Njia ya kwanza ndiyo ya haraka, lakini ya pili ndiyo inayoeleza sababu.

Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. Wagiriki wa kale walizijua nne: 6, 28, 496 na 8,128. Na tazama, namba ya Lindi inaishia na 28, ambayo ni timilifu: 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Je, na namba yote? Jumla ya vigawo vyote 18 haihitaji kujumlisha kimoja kimoja. Jumlisha ndani ya kila familia, kisha zidisha: (1 + 2 + 4) × (1 + 11 + 121) × (1 + 2,467), yaani 7 × 133 × 2,468 = 2,297,708. Toa namba yenyewe, inabaki 1,103,680. Imepungua kwa 90,348. Si timilifu, ni pungufu. Imekaribia, lakini haikufika.

Kuna swali moja zaidi ninalolipenda. Je, inaweza kuwa jumla ya miraba miwili, kama 25 ilivyo 9 + 16? Kanuni iliyotokana na kazi za Mfaransa Pierre de Fermat wa karne ya 17 na Mswisi Leonhard Euler wa karne ya 18 inasema: tazama vigawo tasa vinavyobakiza 3 ukivigawanya kwa 4, kila kimoja lazima kitokee mara shufwa. 11 inabakiza 3, lakini imetokea mara mbili, salama. 2,467 inabakiza 3 pia (67 ni 64 na 3), na imetokea mara moja. Basi haiwezekani, hata ukijaribu mwaka mzima. Tofauti ya miraba miwili, hiyo inawezekana: 2,588² − 2,346². Nimeipata kwa kuchukua vigawo viwili shufwa vinavyozaa namba yetu, 242 na 4,934, nikatafuta namba ya katikati yao, 2,588, na umbali kutoka hapo hadi kila kimoja, 2,346.

Hatua ya 8: Hakiki, na hapa ndipo hela ilipo

Rudi kwenye ile baki ya 9. Katika 484 jumla ya tarakimu ni 16, kisha 7. Katika 2,467 ni 19, kisha 10, kisha 1. 7 × 1 = 7, na namba yetu ilitupa 7. Zimekubaliana. Zingekataana, kuna kosa mahali, hakuna mjadala.

Ila kipimo cha 9 kina upofu mmoja: hakioni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ukiandika 1,149,028 badala ya 1,194,028, jumla ya tarakimu ni ileile 25. Kipimo cha 11 ndicho kinachomkamata huyo: 8 − 2 + 0 − 9 + 4 − 1 + 1 = 1, na siyo 11. Tumia vyote viwili.

Upofu huo huo unaweza kukufaa. Msimu mmoja wa korosho niliwahi kusaidia kuandika vitabu katika chama kimoja cha msingi cha ushirika. Jioni moja jumla ya kitabu na jumla ya karatasi za mizani zilipishana kilo 27. Watu wakaanza kutazamana vibaya, na mpima mizani akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. Niliigawa 27 kwa 9, ikatoka 3 kamili. Tarakimu mbili za jirani zikibadilishana nafasi, tofauti huwa kigawe cha 9 sikuzote. Na kwa kuwa ilikuwa 9 × 3, nilitafuta mstari ambao makumi na mamoja yake yanapishana kwa 3. Kurasa mbili nyuma nilikuta mkulima aliyepimiwa kilo 374, kitabuni ameandikiwa 347. Ulikuwa mwandiko wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo kila tofauti ninayoikuta naigawa kwa 9 kabla sijamfikiria mtu vibaya.

Hatua ya 9: Ilinganishe na namba nyingine

Tulimalizia na KKS, maana ndiyo iliyomleta binti barazani. Jirani zetu wa Mtwara, sensa hiyohiyo ya 2022 iliwahesabu 1,634,947. Kuifungua namba hiyo ni kazi nyingine: imekataa 2, 3 na 5, kwa 7 inabaki 6, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 2, na kwa kuwa kipeuo chake cha pili kiko kati ya 1,278 na 1,279, huenda ukalazimika kujaribu namba tasa zaidi ya 200 kabla hujasema neno la mwisho.

Lakini kwa KKS hatuhitaji kuifungua. Kigawo chochote cha shirika lazima kitoke kwenye vigawo vya Lindi, na vigawo tasa vya Lindi ni vitatu tu. Je, 1,634,947 inagawanyika kwa 2? Inaishia na 7, hapana. Kwa 11? 7 − 4 + 9 − 4 + 3 − 6 + 1 = 6, hapana. Kwa 2,467? 2,467 × 662 = 1,633,154, inabaki 1,793, hapana. Basi KKS ya Lindi na Mtwara ni 1, na KDS yake ni zao la namba zote mbili.

Binti aliandika "KKS = 1", akapiga mstari chini yake kwa rula, kisha akafungua ukurasa mpya na kuandika 864,652.